Ida Alivyolitoa Jina Lake

Ida wa Kitura hakuwahi kupendezwa na jina lake. Lilikuwa fupi mno. Mtu akikuita kutoka ng'ambo ya bonde, jina limekwisha kabla hujajua kama ni wewe. Wenzake waliitwa Gertruda na Emiliana, majina ya kuvutwa mpaka mtu akatosheka, yeye akapewa herufi tatu. Alilirithi kwa bibi yake, na bibi alibatizwa nalo na sista mmoja Mjerumani aliyempenda kwa sababu alijua kukanda mkate. Hayo ndiyo yaliyojulikana nyumbani juu ya jina hilo, na yaliwatosha.

Kumbe duniani kulikuwa na mengine. Mumewe Raimundi alipofariki, Ida akiwa bado na nguo nyeusi, mama mmoja Mwislamu aliyekuwa akileta dagaa mnadani alimwuliza jina, kisha akashika mdomo. Kwao, alisema, eda ni zile siku za mjane kukaa ndani. "Pole mama, jina lako lilikutangulia." Ida alimkasirikia wiki nzima. Kukaa ndani gani? Kahawa ilikuwa imeiva, na ngolo, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia maji ya mvua yasiukokote udongo wote bondeni, yalitaka kuchimbwa upya. Alichimba, alichuma, akamsomesha bintiye Devotha mpaka kidato cha nne, akamwoza Chiwanda, kule chini ziwani karibu na Msumbiji.

Mwezi wa tatu mwaka huu simu ikaja. Devotha kajifungua salama, mtoto wa kike. Ida alipiga vigelegele peke yake jikoni mpaka kuku wakatoka nje. Siku ya tano simu ikaja tena. Alikuwa mkwewe, Alphonce, na sauti yake ilikuwa chini. Mtoto analia usiku na mchana, ziwa la mama halishiki. Wazee wamesema analilia jina.

Kulilia jina halikuwa jambo geni kwa Ida. Lililomkosesha raha ni hilo la ziwa. Alfajiri ya siku ya sita aliteremka milima, akabadili gari mara mbili, akamalizia kwa pikipiki ya kukodi, na saa nane mchana akashuka mbele ya nyumba ya wakwe zake, vumbi mpaka kwenye kope.

Ukoo wa Alphonce ulikuwa na utaratibu wake, na ni lazima niueleze vizuri, kwa sababu ulikaribia kutuulia mtu. Mtoto akililia jina, watu hukaa ndani, na majina ya marehemu wa ukoo hutajwa sikioni mwake moja moja huku mama akimpa ziwa. Jina ambalo mtoto atanyonya au kunyamaza likitajwa, hilo ndilo lake. Mwenye jina anakuwa somo wake, na kwa siku saba somo ndiye anayeamua mtoto abebwe na nani na apelekwe wapi. Kwa kuwa marehemu hasemi, mzee wa ukoo humsemea. Mzee mwenyewe alikuwa Erasmo, baba mkubwa wa Alphonce, mtu mrefu, mpole wa sauti, na mgumu kama kisiki cha mninga.

Ida alipokuwa akivua viatu mlangoni, vigelegele vililipuka ndani. Mtoto amenyamaza! Ameitika Avelina! Ida naye akaanza kupiga chake huku akiingia, lakini alipofika kwenye mkeka na kumwona mjukuu wake, kigelegele kilimkatikia mdomoni.

Mtoto hakuwa amelala. Macho yalikuwa nusu wazi, hayaangalii kitu. Midomo ilikuwa imepasuka, utosi umebonyea kiasi cha kuweka kidole.

"Amekojoa lini?" Ida alimwuliza bintiye.

"Jana asubuhi, mama," Devotha alinong'ona.

Ida aliujua ukimya ule. Miaka thelathini iliyopita mtoto wake wa pili alinyamaza vilevile, nao wakamshukuru Mungu kwamba kapata usingizi. Jioni wakamzika. Sasa hofu ilimshika, lakini yeye alikuwa ugenini, kwa wakwe, na ugenini hata hofu ina adabu zake. Akapiga magoti mbele ya Erasmo.

"Shikamoo, mkwe."

"Marahaba, mkwe wangu. Karibu. Umefika saa njema. Mjukuu wetu amepata jina."

"Nimesikia, mzee. Lakini mtoto huyu amekauka. Naomba tumpeleke kituo cha afya, sasa hivi."

Wanawake waliokuwa wakicheka waliacha. Erasmo alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Avelina alikuwa dada yangu," alisema. "Mimi ndiye ninayemsemea, na ninasema mtoto asitoke mpaka siku saba ziishe. Wangu mwenyewe tulimtoa siku ya pili, mkwe. Tulirudi naye amefunikwa. Sitalirudia kosa lile."

Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo Ida alipozidi kuogopa. Mtu mbaya unamgombeza, hata unamtukana, mkamalizana. Mtu mwenye huruma aliyekosea unamfanyaje? Alimtazama Alphonce mlangoni. Kijana wa watu alikuwa ameinamisha kichwa, maana kumkodolea macho mama mkwe ni mwiko, na kumpinga baba mkubwa ni mwiko mkubwa zaidi. Ida akafikiria kumnyakua mtoto na kukimbia. Angefika wapi? Nje kulikuwa na wanaume wanne wa ukoo, na yeye ana miaka hamsini na minane na goti bovu.

"Na somo akiwa hai?" aliuliza ghafla. "Nani humsemea?"

"Akiwa hai hujisemea mwenyewe," Erasmo alijibu. "Lakini hakuna anayefanya hivyo. Nadhani umeambiwa sababu."

Aliambiwa. Devotha alimhadithia mwaka alioolewa, wakacheka. Katika ukoo ule mtu hashiriki jina lake na mtoto, humkabidhi. Ukishalitoa huliitikii tena hadi kufa kwako, na watu huanza kukuhesabia siku, kwa imani kwamba mtu asiye na jina hakai sana. Kuna bibi mmoja, walisema, alilitoa lake wakati wa kupanda mihogo na hakuwahi kuila.

Ida alikuwa mwana jumuiya, msoma rozari, na alijiambia kwamba hayo ni maneno ya watu tu. Tusimpambe lakini. Aliogopa.

"Basi nampa langu," alisema. "Aitwe Ida."

"Hapana!" Erasmo alisimama. "Jina hilo nalijua. Nimefanya kazi Msumbiji miaka kumi na miwili. Kwa Kireno ida ni kwenda, ni safari ya kuondoka. Mtoto yuko hivi, wewe unataka kumwita Kuondoka?"

"Siyo hivyo, mzee," alidakia Tobias, katekista na mwalimu mstaafu, ambaye mahali popote penye jambo la kueleza hakosekani. "Hili la mkwe wetu ni la Wajerumani wa kale. Nimelisoma. Maana yake ni kazi. Na Ugiriki kuna mlima unaoitwa hivyohivyo, na Uturuki upo mwingine."

"Sasa ni kazi, ni mlima, au ni kuondoka?"

"Inategemea uko kwa nani."

Mwanamke mmoja aliyewahi kuishi Lindi akakumbusha habari za eda, kwamba si jina la kumpa binti anayetarajia kuolewa. Mwingine akauliza kama Wajerumani na Wareno ni kabila moja. Wakabishana, na kwa kweli walibishana vizuri, kama watu waliolipwa posho ya semina. Ida alikuwa akisikiliza kitu kimoja tu, pumzi ya mtoto, fupi, ya haraka, halafu kituo. Kila kituo kilikuwa kirefu kuliko kilichopita.

"Nyamazeni!"

Mama mkwe hapigi kelele nyumbani kwa mkwewe. Tobias alibaki na kidole juu.

"Nimelibeba jina hili miaka hamsini na minane," Ida alisema, na machozi yalikuwa yakimtiririka bila haya. "Mjerumani ana lake humo, Mreno ana lake, Mwarabu ana lake, na hakuna hata mmoja aliyekuja kunisaidia kubeba kahawa. Leo nalitoa. Mwiteni, au mniambie hapa, mbele ya mama yake, kwamba mmekataa."

Erasmo aliketi tena. "Siwezi kukataa," alisema hatimaye. "Lakini lazima aitike. Asiponyonya wala kumeza, anabaki Avelina."

Ida aliinama kwenye sikio la mjukuu wake, akaweka vidole viwili kooni mwake. Devotha alikamua matone ya maziwa juu ya ile midomo iliyopasuka.

"Ida," bibi aliita.

Maziwa yalitiririka pembeni ya mdomo, yakalowesha kanga. Chini ya vidole vyake koo halikutikisika.

"Ida. Ida, mama, itika."

Hakuna kitu.

"Amemeza," Devotha alisema.

Tangu aolewe binti huyu hakuwahi kufungua kinywa mbele ya wazee pasipo kuulizwa. Sasa alikuwa amemkazia macho Erasmo na hayapepesi. Vidole vya Ida vilikuwa bado pale kooni, vinajua kila kitu. Hakusema neno.

Mzee alimtazama Devotha, akamtazama mama yake, kisha akatazama yale maziwa kwenye kanga. Aliona au hakuona, Mungu anajua. Alivua kofia.

"Somo na achukue mtoto wake," alisema. Halafu kwa sauti ya chini zaidi, "Pole, mkwe. Kuanzia leo hatutakuita."

Pikipiki iliyokuwepo ilikuwa moja tu, ya Alphonce. Mkwe ambaye hapokei hata sahani kutoka mkononi mwa mama mkwe alilazimika kumpakia mgongoni mwake, amebanwa katikati na Devotha nyuma, mtoto kifuani, mishikaki kamili. Wanawake waligeuza nyuso. Alphonce alisita na ufunguo mkononi.

"Endesha, baba," Ida alimwambia. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha uso kwa uso. "Aibu tutaiona kesho."

Barabara ilikuwa na utelezi wa mvua za masika. Walivuka kijito maji yakifika kwenye mota, wakateleza mteremkoni, Devotha akaguna kwa maumivu ya uzazi na hakuomba wasimame. Ida aliingiza ncha ya kidole kinywani mwa mtoto, akakiacha humo, akawa anamwita njia nzima. Ida. Ida. Ulimi ulikuwa mkavu, kama karatasi, na ulikaa tu.

Kituoni nesi alimwangalia mtoto mara moja, hakuuliza salamu, akaondoka naye mbio na Devotha nyuma yake. Mlango ukafungwa. Alphonce alisimama karibu na ukuta. Mama mkwe wake alikaa kwenye benchi, mikono mitupu mapajani, akajaribu kusali akakuta maneno yamemkimbia. Alikumbuka mtoto wake wa pili alivyokuwa mwepesi ndani ya kanga. Kivuli cha ukuta kilitoka miguuni mwake kikafika magotini, na bado hakuna aliyetoka.

Kisha mlango ukafunguka.

"Ida!" nesi aliita.

Mwili wake uliinuka wenyewe, kama ulivyoinuka kwa jina hilo maisha yake yote, shuleni, shambani, kanisani. Alikuwa ameshafungua mdomo kusema abee. Akaufunga. Akakaa tena.

"Jamani, nani yuko na Ida? Ameanza kunyonya, mama yake anatetemeka kwa uchovu, nataka mtu wa kumshikia."

Alphonce aliinua macho akamtazama mama mkwe wake usoni, waziwazi, wala hakuyashusha.

"Mimi," alisema yule mama. "Mimi ni bibi yake."

"Njoo basi. Unaitwa nani nikuandike?"

Alitafuta la kusema. Midomo ilitikisika, na pale palipozoea kutoka herufi tatu hapakutoka kitu.

"Andika bibi wa Ida," alisema, akaingia ndani.