Robine ya Jikoni na Habari Kutoka Kibua

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa mpishi kwa mzungu mmoja mwenye shamba la pareto, juu milimani Masisi. Yeye na mke wake walipokwenda Ulaya kwa likizo ya miezi sita, waliniachia funguo za nyumba.

"Usitoke hapa hata siku moja," bwana aliniambia.

Wafanyakazi wa shamba waliishi bondeni. Mimi nilibaki juu na vyumba vilivyofungwa na viti vilivyofunikwa mashuka. Kwetu ni Kibua, Walikale, kwenye msitu na joto; huku ukungu uliingia mpaka jikoni. Watu walizungumza Kihunde na Kinyarwanda. Kiswahili changu kilinisaidia kununua viazi na maziwa, basi. Siku nyingine jioni ilinikuta sijatamka neno hata moja.

Mwezi wa tatu wa likizo yao, robine ya jikoni, yaani bomba la maji, ikaanza kuvuja. Ilikuwa na vishikio viwili, cha maji ya moto na cha baridi, na yote yalitokea mdomo mmoja. Upande wa baridi ndio ulioharibika. Nilikaza kishikio kwa nguvu zangu zote, maji yakazidi. Nikaweka ndoo chini yake, nikaacha hivyo.

Asubuhi moja akapita muuza mawese, mtu wa kwetu. Hata mzigo hakuutua.

"Kaka, hawakukuambia? Mama yako alikufa. Tulishamuzika, sasa iko miezi mbili."

Miezi miwili! Siku zote hizo nilikuwa nang'arisha vijiko visivyotumiwa na mtu. Nilimpa maji, akanywa, akanipa pole, akaendelea na safari.

Nikarudi jikoni. Kulia sikuweza. Ndoo ilikuwa imejaa, inamwagika sakafuni. Sikuwahi kutengeneza robine maishani mwangu, lakini mikono ilitaka kazi. Nilifunga maji kwenye tangi nyuma ya nyumba, nikachukua kle, yaani spana, katika sanduku la vyombo vya bwana, nikafungua nati ya upande wa baridi. Ndani nikakuta kipande cha mpira cha duara, kidogo kama kifungo cha shati, kimepasuka. Kingine hakikuwapo.

Mama aliyekuwa akiniletea maziwa, mjane wa familia ya wafugaji, alinikuta nimekaa sakafuni kwenye maji.

"Papa, uko mugonjwa?"

"Hapana, Mama. Niko natafuta kipande ya ngozi, kidogo tu." Kisha nikasema, kana kwamba ni jambo lile lile: "Mama yangu amekufa."

Alitua kibuyu chake. Akafungua mkanda wa ngozi aliokifungia, akakata ncha yake kwa kisu changu cha jikoni, akanipa. Nikailowesha, nikaanza kuikata duara. Alikaa karibu, akinitazama.

"Alikuwa anakuita namna gani?" akauliza.

Nikamtajia jina langu la utotoni, ambalo huko milimani hakuna aliyelijua. Alilitamka polepole, mara moja tu, kwa lafudhi ya kwao. Hapo ndipo nilipolia. Hakuninyamazisha. Alingoja mpaka nikapangusa uso na kushika kisu tena.

Nilitoboa ngozi katikati, nikaipaka mafuta, nikaiweka mahali pa mpira, nikakaza nati. Nikaenda kufungua tangi. Robine ilikohoa, ikatema maji ya kutu, kisha yakaja safi. Nikafunga. Yule mama aliweka kiganja chini ya mdomo wa robine, akangoja kitambo; hakuna tone lililoanguka.

"Ndiyo basi," akasema. "Imekamata."

Akaenda kwa ng'ombe wake, nami nikaanza kupangusa sakafu.

Bwana aliporudi nilimwomba ruhusa, akanipa siku kumi. Nikashuka kwa miguu mpaka Kibua. Dada yangu alinipeleka kwenye kaburi. Majani yalikuwa yamefika magotini. Tukainama tukaanza kuyang'oa.

"Tulikuita," akasema bila kunitazama. "Tulituma mutu. Haukukuja."

"Hakuna mutu alinifikia, dada."

Akatupa fungu la majani pembeni. Nadhani hakuniamini, na sikuwa na cha kumwonyesha. Tuliendelea kung'oa majani mpaka jua likawa kali, yeye upande wa kichwani, mimi upande wa miguuni.