Sahihi Niliyoifua

Ipo siku moja haijanitoka moyoni, mwanangu, na usinicheke. Nilikuwa msichana, nakaa Sib, huku huku Omani, kwa ami yangu, ndugu yake baba, mtu wa kukusanya noti za kale. Si za kwetu, la. Za Marekani! Zamani benki za vimji vya huko zikitoa noti zenye jina la benki na la mji wake, na wakubwa wa benki wakizitia sahihi kwa kalamu, moja moja. Leo nami nnazo kabati zima hapa Bawshar, na mji wowote uliomo humo niulize mimi.

Mwaka ule ami alipata noti aliyoisaka miaka na miaka. Kulikuwa na mwalimu wa Kimarekani, mwanamke, akikaa Madinat Sultan Qaboos; babu yake alikuwa keshia wa benki iliyotoa noti hiyo, mmoja wa waliozitia sahihi, na hakuacha barua wala picha. Ami akamwalika Ijumaa aje aione sahihi ya babu yake.

Mimi nilijua mgeni anakuja, sikujua anakuja kuona nini. Nikaiona noti mezani kwa ami, imekunjamana, chini ina michirizi ya kahawia kama chai iliyomwagika. Alaa! Mgeni aoneshwe uchafu huu? Nikaitia dawa ya madoa ya kanzu, nikaifua, nikaipiga pasi. Ikang'ara. Kipya kinyemi, mwanangu, ingawa kidonda.

Ami alipoiona hakunigombeza. Alikaa kitako.

"Umemfuta babu yake mtu," akasema. "Ile michirizi ndiyo sahihi yake, wino uliochakaa. Mkono wako umefanya, ulimi wako utasema. Mimi sikusemei."

Mgeni alipofika nikamwambia mwenyewe. Akaigeuza noti kwenye mwanga, hakuona kitu, akalia. Kisha akaniuliza polepole, "Wewe uliiona. Ilikuwaje?"

Nikamwambia kweli, wallahi. Mimi niliona uchafu tu. Ami akajaribu kumchorea kwenye bahasha, akashindwa.

Basi shika hili. Kitu cha mtu usichokijua, usikisafishe wala usikinyooshe mpaka umuulize mwenyewe. Kuuliza si ujinga. Na ukiharibu, nenda kaseme wewe. Maji yakimwagika hayazoleki: noti nyengine ya benki ile naitafuta mpaka leo, na yule mwalimu keshafariki bila ya kuuona mwandiko wa babu yake.

Mungu akupe jicho la kutazama kabla mkono haujagusa, na akuepushe na majuto yangu. Amin.