Supachaja Kwenye Gari la Marehemu

Mama hakuwa hata amemaliza mwezi wa kwanza wa eda pale mdogo wangu wa kiume alipoanza kulifungua gari la marehemu baba. Alilifungulia papo hapo uani, kwetu Chumbageni, chini ya dirisha la chumba alichokaa mama. Mwanamke aliye kwenye eda hatoki, kwa hiyo mama hakuwa na pa kukimbilia. Spana ikianguka aliisikia, bomba likigongwa lilimgongea yeye kichwani.

Lilikuwa gari la kifahari, saluni ya silinda sita, viti vya ngozi, lililotoka Japani likiwa limeshatumika lakini halina mkwaruzo. Baba alilinunua alipostaafu, na alilipenda kuliko alivyotupenda sisi wanawe, wala sisemi kwa wivu. Alichojivunia ni ukimya wake. Mama alikuwa akijua mumewe amerudi kwa kusikia geti, si gari.

Sasa mdogo wangu, ambaye ni fundi umeme wa magari huko Dar es Salaam, akaja na supachaja. Alinieleza kama anayemfundisha mtoto wa chekechea: ni pampu inayozungushwa kwa mkanda na injini yenyewe, nayo inasukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu. Injini ikipata hewa nyingi na petroli nyingi, gari linakimbia kweli kweli. Nikamuuliza nani kamwambia baba alikuwa na haraka.

"Dada, weye hujui tu," akanijibu.

Nilikuwa najua sana. Baba alipofariki, yeye alikuwa Dar. Alipanda basi la kwanza alilolipata, akafika Tanga watu wanarudi kutoka makaburini. Sisi tunazika upesi, hatungoji mtu. Uso wa baba hakuuona. Baada ya hitima alikwenda kukaa ndani ya lile gari, akapandisha vioo, akakaa humo mpaka chai yake ikapoa. Alipotoka alikuwa na wazo hilo. Wengine wakifiwa hulia, yeye akaagiza pampu.

Ningemwacha na upuuzi wake kama si habari za mama mdogo. Huyo ndiye ndugu pekee wa tumbo moja aliyekuwa amebaki kwa mama, na alikuwa Pangani akiugua ini. Kila habari yake iliyofika ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia. Shehe wa mtaani alisema mama anaruhusiwa kwenda mchana, mradi arudi kulala kwake. Mama akakataa. Alisema mumewe hakumpunja kitu maisha yao yote, naye hatampunja siku zake. Aliomba jambo moja tu: eda ikiisha, gari la kwanza atakalopanda liwe lile la mumewe, na limpeleke kwa mdogo wake.

Mdogo wangu akamjibu dirishani, mikono imejaa grisi. "Hilo niachie mie, mama. Pangani utafika hata hujakaa sawasawa."

Asubuhi moja akaliwasha. Juu ya ngurumo ya injini kulikuwa na mluzi mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka, na ulipanda kila alipokanyaga mafuta. Majirani wakatoka kutazama. Mama akaniita ndani, akaniuliza gari la nani limeingia. Nikamwambia ni la baba.

Akasikiliza kidogo. "Silo," akasema.

Mdogo wangu alikwenda kulijaribu Raskazone, akarudi meno yote nje. Akaniambia kimebaki kitu kimoja, pampu kubwa ya petroli, nayo iko njiani kutoka Dar. Hewa ikiongezwa, petroli nayo lazima iongezeke, la sivyo injini inapata joto kupita kiasi na kujiunguza kwa ndani. Ile pampu ya zamani ingeweza kuilisha injini kwa kukanyaga kidogo, si kwa mwendo mrefu wa kasi. Haya alinieleza yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Sikuyasoma popote.

Eda ikaisha kabla pampu haijafika. Asubuhi ile mama alikwisha oga na kubadili nguo pale simu ilipolia kutoka Pangani. Mama mdogo alikuwa amezidiwa, anamuulizia dada yake. Nikasema natoka kutafuta teksi.

"Teksi ya nini na gari lipo?" akasema mdogo wangu. "Mkanda tu umelegea. Naukaza, tunaondoka."

"Na pampu?"

"Nitakwenda taratibu."

Mama hakunitazama mimi. Alimtazama yeye, mtoto wake aliyechelewa kumzika baba yake, akasema tutamngoja. Mdogo wangu alikaza na kulegeza mkanda ule mpaka adhuhuri ikaadhiniwa.

Mwanzo alikwenda taratibu kama alivyoahidi. Tulipotoka mjini simu ikalia tena, wakauliza tumefika wapi. Hapo akakanyaga. Mluzi ukapanda, viti vikatusukuma migongoni. Nilimgeukia mama nikidhani ameogopa, nikamkuta anatabasamu. Hilo tabasamu ndilo linaloniuma mpaka leo.

Hatujafika Kigombe, katikati ya mashamba ya mkonge, injini ikatoa sauti kama changarawe zinazotikiswa kwenye kopo. Akaondoa mguu, lakini alikuwa amechelewa. Moshi wa bluu ukajaa nyuma yetu, nguvu ikaisha, gari likajiburuza hadi pembeni na kuzimika. Alifungua boneti, akaungua mkono, wala hakuutazama. Baadaye walipoifungua injini walikuta pistoni ya silinda ya mwisho imetoboka. Pale barabarani alisema tu kwamba petroli haikutosha. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na mama akaniambia ninyamaze.

Tukakaa juani. Bodaboda zilipita zimejaa, magari mawili yakapita bila kusimama. Nilijaribu simu, mtandao haukushika. Mwishowe lori la nazi likatuchukua. Mama tulimpandisha mbele kwa dereva, tukimsukuma kwa nyuma, mwanamke mzima ambaye siku ile ndiyo kwanza ametoka eda. Sisi wawili tulikaa juu ya nazi, kila mtu ametazama upande wake.

Godoro la mama mdogo tulilikuta nje, limeegemezwa ukutani. Hakuna aliyehitaji kutueleza. Wanawake walimpokea mama mlangoni, wakamkalisha mkekani, na mmoja wao, mkwe wa marehemu, akamshika mikono.

"Tumekungojeni mpaka alasiri, mama. Maiti haikai. Tuliambiwa mna gari la mbio."

Mama akauliza kama marehemu alisema neno.

"Alikuwa akiuliza, bado? Nasi tukimwambia, wako njiani, wanakuja na gari."

Mdogo wangu alikuwa amesimama kizingitini, anayasikia yote hayo. Aligeuka akatoka. Nilimkuta kisimani anaunawa ule mkono ulioungua, anaunawa tu, maji yanamwagika.

Mama hakumlaumu siku ile wala baadaye. Anamwombea dua, anamwekea chakula, anamuuliza habari za kazi. Ila tangu siku ile hajamwomba mtoto yeyote ampeleke popote. Mwezi uliopita tulialikwa harusi Usagara. Mdogo wangu aliazima gari la rafiki yake, gari dogo la kawaida, akaliosha, akalileta mlangoni na kumfungulia mama mlango.

"Wahi weye, mwanangu," mama akamwambia kwa upole. "Mie nitatembea."

Akajitanda vizuri, akashika njia. Mdogo wangu akaingia garini, akamfuata nyuma kwa gia ya kwanza, mtaa baada ya mtaa, mpaka Usagara. Mama hakugeuka.