Jeki Aliyoondoka Nayo Baba Mdogo

Harufu ya tope la ndiva haifanani na ya tope jingine lolote. Ndiva ni lile bwawa letu la milimani, la mawe na udongo, linalokusanya maji usiku kucha ili asubuhi yafunguliwe yateremke kwa mifereji mpaka mashambani. Likikaushwa lisafishwe, chini hubaki tope jeusi lenye harufu ya majani yaliyooza, ya vyura, na ya kitu kama chuma. Nilikuwa na miaka mitano hivi, kwetu Vudee, siku tope hilo lilipomeza kiatu changu. Kilikuwa katambuga, kile kiatu cha kipande cha tairi chenye kanda za mpira. Ilikuwa siku ya msaragambo, yaani kazi ya wote: pembe inapigwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake, na asiyetokea anatozwa faini. Nililia mpaka watu wazima wakaacha kuchimba wakawa wananitafutia kiatu. Hakikuonekana mpaka leo. Nadhani vyura walikivaa. Sisemi haya kwa kuwa yana maana kubwa. Nasema kwa sababu ukishazeeka kumbukumbu hazipangi foleni, moja ikija nyingine inaisukuma kwa nyuma.

Basi jioni ile baba akachukua tairi bovu, akalilaza uani, akalikalia kama mtu aliyekalia mbuzi wa kuchinja, akalikata kwa kisu alichokuwa anakichovya kwenye maji. Akanitengenezea katambuga nyingine. Ndiyo mara ya kwanza niliona tumbo la tairi, zile nyuzi zilizolala tabaka juu ya tabaka kama mkeka. Tangu hapo kila alipofanya kazi ya matairi nilikuwa nimechuchumaa mbele yake. Na kazi hiyo haikuisha, maana baba alikuwa na pikapu, gari pekee la kitongoji chetu, na barabara ya kupanda kutoka Same wakati ule ilikuwa mawe yaliyokaa kama meno. Kila kitu kilifanyikia nyumbani. Watu wa mjini waliuliza kwa nini hapeleki kwa fundi. Baba akawajibu kuwa gari lisilo na tairi haliendi mjini kutafuta tairi. Nilimwona akiling'oa kwenye rimu kwa vyuma viwili bapa, akipaka mdomo wa tairi povu la sabuni ya kipande liteleze, akichungulia mle ndani kwa vidole kutafuta mwiba. Shule niliishia darasa la nne. Hiyo nyingine sikuishia, niliimaliza.

Nikiwa na miaka kumi baba akafa, kifua. Gari likakaa uani miezi mitano, matairi mawili ya nyuma yakapasukapasuka kwa jua yakalala chini, kuku wakataga chini ya usukani. Hapo ndipo aliposhuka baba mdogo Elinami kutoka Mhezi, mdogo wake baba, mtu mrefu mwenye koti la kaki na maneno mazuri. Alipokuja mara ya kwanza aliazima jeki. Akasema ni ya siku moja. Mama akampa, kwani shemeji utamnyimaje jeki? Alipokuja mara ya pili alikuja na kikao cha ukoo.

Kikao kilikaa sebuleni kwetu, kikanywa chai yetu. Mzee Senkondo, mkubwa wa ukoo, akasema gari ni chuma cha mwanamume, na chuma kikilala kinaliwa na kutu, afadhali Elinami alichukue alitumie. Mama alikuwa amesimama mlangoni na birika.

"Na likitembea?" akauliza.

Baba mdogo akacheka. "Shemeji, litembee kwa miguu ipi?"

"Nimeuliza likitembea."

Mzee Senkondo, nadhani kwa kutaka tu amalize chai yake, akasema, "Likitembea lenyewe mpaka gulioni siku ya gulio, ni lako na wanao. Lisipotembea, Elinami analichukua siku hiyohiyo." Gulio, soko letu la wazi, lilikuwa baada ya siku tano. Wakacheka wote, wakaondoka. Baba mdogo alipopita kwenye gari alilipiga boneti makofi mawili, kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyekwisha kumnunua. Nikamchukia kuanzia kwenye ukucha.

Sasa ujue gari lile lilikuwa nini. Lilikuwa ndilo linaloshusha maharage yetu, ndilo ada, ndilo sukari. Likienda, mama anabaki na jembe na watoto wanne. Kesho yake mama akateremka Same na magunia mawili ya maharage, akarudi na matairi mawili yaliyokwisha kutumika ambayo bado yalikuwa na meno, na tyubu zake. Lori liliwateremsha chini, yeye na matairi, nikaenda kumpokea. Moja akalibeba begani, jingine nikalisukuma mimi. Kwenye kona likanitoroka, likashuka bondeni likipita katikati ya maharage ya watu kama mtu anayewahi ibada, na mama badala ya kunichapa akakaa chini akacheka mpaka machozi. Ndiyo mara ya kwanza alicheka tangu msiba.

Tulipofika nyumbani ndipo tulipokumbuka: jeki. Spana ya magurudumu tulikuwa nayo, ilikuwa inashikilia mlango wa banda la kuku. Lakini gari utaliinuaje bila jeki? Mama akatuma mtu Mhezi, jibu likarudi kwamba jeki imeharibika. Imeharibika! Jeki ya chuma kitupu. Pale hata mimi mtoto nikaelewa kwamba haikuazimwa kwa ajili ya kuinua kitu chochote, iliazimwa ili chetu kisiinuke. Mama aliosha vyombo, akaloweka mahindi na maharage sufuria kubwa ile ya msiba, akalala.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na sisi Wapare ni watoto wa wahunzi. Alfajiri, siku moja kabla ya gulio, nikaamshwa na pembe. Baba ndiye aliyekuwa mpiga pembe wa kitongoji, na pembe ilikuwa bado imetundikwa kwetu, wazee hawajamteua mwingine. Kwa desturi mwanamke hakuigusa. Nikatoka nje, nikamkuta mama amesimama juu ya jiwe amevaa kanga mbili, mashavu yamejaa, anapiga. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Haikupita muda mlima wote ulikuwa unateremka na majembe, watu wanakimbia wakiulizana ni ukuta gani wa ndiva umepasuka.

"Nani amepiga pembe?" Mzee Senkondo alifika anahema, amevaa viatu bila soksi.

"Mimi. Shikamoo baba."

Hakuitikia. "Ndiva imepasuka?"

"Ndiva ni nzima. Inayopasuka ni nyumba yangu."

Kelele zilizotokea hapo sitaziandika zote. Wengine walisema mama amechanganyikiwa kwa msiba. Mmoja akasema msaragambo ni wa mali ya wote, haupigwi kwa gari la mtu. Mama akamsubiri amalize. Kisha akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "Saruji ya ndiva ilipandishwa na nini? Mama yako alipovunjika nyonga, alishuka hospitali amebebwa na nini? Siku hizo gari lilikuwa la wote. Leo ndiyo limekuwa la ukoo?" Yule mtu akatazama jembe lake kana kwamba limeandikwa kitu.

Aliyesogea kwanza ni mama Mbonea, jirani yetu, bibi kizee asiye na meno ya mbele. Akatema mate kwenye viganja. "Mimi nimeamshwa nimekuja na jembe," akasema, "sirudi nalo likiwa safi." Ndipo mama akaonyesha alichokuwa amekiwaza usiku. Kama gari halipandi, ardhi itashuka. Tukaweka mawe mbele ya magurudumu ili lisiteleze, tukapanga mawe mapana chini ya ekseli, ule mti wa chuma wa magurudumu, mpaka yakaikaza barabara, kisha wanawake wakachimba chini ya tairi. Watu waliozaliwa wakichimba mifereji! Haikuchukua muda gurudumu likawa linaning'inia juu ya shimo, linazunguka kwa kidole. Mzee Senkondo alikuwa bado amesimama. "Faini utalipa," akasema. Mama akamjibu, "Nitalipa baba. Makande yako jikoni yanachemka." Watu wakaangua kicheko, na mzee mwenyewe nikamwona anageuka pembeni kuficha mdomo.

Kuanzia hapo mkubwa nikawa mimi. Nasema bila kujisifu, au acha nijisifu, nimezeeka. Nilikuwa najua na wao hawajui. Gurudumu lilipofunguliwa, wanawake watano wakapanda juu ya tairi bovu wakiruka mpaka mdomo wake ukaachia rimu. Nikapaka sabuni, nikaingiza tyubu, nikatokeza pua yake ya kujazia upepo kwenye tundu. Mama akabana chuma kwa haraka, tukasikia fyuuu, kaitoboa tyubu kwa chuma. Tukaitoa, tukabandika kiraka, tukaanza upya. Alipofika kwenye nati akawa anazikaza kwa mzunguko, moja baada ya jirani yake, kama anayesuka kikapu. Nikamkemea mama yangu mbele ya watu: nati hukazwa kwa kukabiliana, hii kisha ya ng'ambo, la sivyo gurudumu linakaa upande! Akanitazama, nikajua nitachapwa. Akasema, "Haya, fundi." Pampu ya mkono ikazunguka kwa kila mtu, hata wale wanaume walioapa hawashiki kitu wakawa wanaijaribu tu kuona kama ni nzima. Tulipofukia mashimo jua lilikuwa utosini, na gari limesimama kwa miguu yake minne. Makande hayakubaki.

Siku hizi nakaa Same mjini kwa mjukuu wangu ambaye ni mwalimu. Barabara kuu ina mafundi wa matairi kila hatua, wana mitungi ya upepo inayonguruma, na tairi lenyewe halina tyubu. Mwezi uliopita gari lake liliamka na pancha hapo uani. Akashika simu amwite fundi aje na bodaboda. Nikamwambia alete jeki. "Bibi, wewe kaa ndani, utaumia mgongo." Nikamwambia mgongo ni wangu. Nimekaza nati zile mwenyewe, kwa kukabiliana, naye amesimama ananipiga picha. Sisemi zamani kulikuwa kuzuri, zamani jeki moja ilitosha kumwangamiza mjane. Lakini nawaona vijana wana kila chombo na mikono wameiweka mfukoni, na pembe ikipigwa leo sijui nani atakuja, na akija sijui kama atakuwa na jembe. Mimi sikubali. Nikishindwa kuinama nitawaelekeza nikiwa nimelala.

Lakini nimeruka gulio. Asubuhi ya gulio majirani walilisukuma gari mpaka likawaka, na aliyekaa kwenye usukani ni mama. Baba alikuwa amemfundisha kimyakimya kwenye uwanja wa mpira, gia ya kwanza na ya pili. Ya tatu hawakuwahi kufika. Milima yetu haina haja na ya tatu. Tulikuwa ndiyo kwanza tunatoka uani, mimi nimekaa nyuma juu ya magunia, tulipokutana na baba mdogo Elinami anakuja na watu wake wawili kulichukua gari. Na begani, Mungu shahidi wangu, alikuwa amebeba jeki yetu. Nzima.

Mama akakanyaga breki, injini inanguruma. Akatoa kichwa dirishani.

"Karibu shemeji. Asante kwa kuirudisha. Itue hapo."

Baba mdogo akatazama matairi, moja, kisha la pili. Akatazama udongo mbichi wa mashimo. Akaishusha jeki ile taratibu, akaiegemeza kwenye jiwe la mlangoni, akafuta mikono kwenye koti. Jeki hiyo ndiyo niliyoinulia gari la mjukuu wangu. Kisha baba mdogo akageuka akashika njia ya kupita juu ya ndiva, peke yake, wenzake wakamfuata baadaye. Gari likashika njia ya gulioni, nako tulifika kwa gia ya pili, nami nililiangalia koti lile mpaka likamezwa na migomba. Hakugeuka, na kwetu hakuja tena.