Ikunje Wino Ukiwa Mbichi

Kila nikishika karatasi iliyokunjwa, mwanangu, hukumbuka siku moja kule Karurumo, siku ambayo kura nyingi zilitoka sandukuni zikiwa na alama mbili.

Umeniandikia kwamba duka unalofanyia kazi hapo Meru limepewa karatasi za kura za ushirika wa maziwa, na kwamba wewe ndiwe utakayezipanga kwenye kompyuta. Umeniuliza utumie herufi gani. La herufi nitakujibu, lakini baadaye, maana si herufi zilizoniponza mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Shule niliiachia kidato cha pili, na uchapaji nilijifunza katika kiwanda kidogo karibu na soko la Meru, kwa kusoma kila karatasi iliyoharibika kabla ya kuitupa. Aliyenipokea ni Mzee Mwirichia, fundi mkuu, mtu wa maneno machache. Kufikia wakati huo nilikuwa nimeanza kujiona najua. Mtu akijifunza mwenyewe hupata ugonjwa huo: kwa kuwa hakuna aliyemfundisha, hudhani hakuna aliyebaki wa kumfundisha.

Chama cha wakulima wa kahawa cha upande wetu wa Karurumo kilikuwa kinachagua mwenyekiti. Wagombea walikuwa wawili: Bwana Ngari, aliyekuwa akishikilia kiti, na Mwalimu Rwamba, mwanamke aliyestaafu kufundisha. Kazi ililetwa kwetu Meru makusudi, ili pasiwe na mgombea mwenye jamaa karibu na mashine. Bwana Ngari alichagua alama ya jembe na Mwalimu Rwamba alama ya taa, kwa sababu wanachama wengi walikuwa wazee wasiosoma.

Nilikaa siku mbili nikiifikiria karatasi hiyo. Niliona kwamba jina moja likiwa juu na jingine chini, wa juu atasemekana amependelewa. Kwa hiyo nikawaweka bega kwa bega, jembe kushoto na taa kulia, na chini ya kila mmoja kisanduku cha kuwekea alama. Kipimo kilikuwa kimoja hadi milimita. Ilipendeza kama shati lililopigwa pasi. Lakini wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mzee Mwirichia aliitazama kwa muda mrefu.

"Imenyooka," akasema. "Umeikunja?"

"Mzee, hii ni kura, si barua."

"Kwani inaingia sandukuni ikiwa imetandazwa kama mkeka? Weka wino kwenye kisanduku, ikunje wino ukiwa mbichi, halafu ifungue uone."

Kesho yake akaenda Maua kwa mazishi ya shemeji yake, akaniachia mashine.

Niliikunja, mwanangu. Lakini sikutia wino, kwa sababu ile nakala ya kwanza ilikuwa safi na nilitaka Mzee aikute hivyo akirudi. Ilikunjika ukingo kwa ukingo, jina juu ya jina, kisanduku juu ya kisanduku. Nikafurahi. Nilifurahia kitu kilekile ambacho kingeniaibisha. Mzee aliporudi, kura zilikuwa zimechapwa, zimehesabiwa na kufungwa.

"Uliikunja?" akauliza.

"Niliikunja, Mzee."

Kila neno hapo lilikuwa la kweli, na jibu lenyewe lilikuwa uongo. Jihadhari na majibu ya namna hiyo. Hayakai kinywani kama uongo, ndiyo maana ni rahisi kuyasema.

Siku ya uchaguzi tulizipeleka mimi naye hadi kiwanda cha kahawa cha Karurumo, pale matunda yanapooshwa. Wanachama walikuwa wamekaa kwenye nyasi. Msimamizi wa uchaguzi, kijana mwenye adabu, alitangaza kwamba wanaojua kuandika na wasiojua wote watatumia dole gumba na wino wa mhuri, ili asiaibike mtu. Nia yake ilikuwa njema. Yangu pia ilikuwa njema. Nia mbili njema zilikutana pale na kuzaa balaa.

Cucu yangu, mama yake mama, alikuwa kwenye foleni na mkongojo wake. Dole gumba lake la kulia lilikuwa na kovu linalokata kutoka pembe hadi pembe, tangu panga limteleze akikata majani ya ng'ombe. Alipopewa karatasi aliinyanyua akaniita mbele ya watu, kwa Kiembu.

"Fundi, hii umechora wewe?"

"Ni mimi, cucu."

"Ni nzuri. Hata jembe umelitia mpini."

Watu wakacheka. Akaingia kibandani, akatoka ameikunja katikati, akapitisha ukucha juu ya mkunjo kama anavyokunja kitambaa cha kanisani, akaitumbukiza sandukuni.

Kuhesabu kulianza vizuri. Msimamizi alifungua karatasi moja moja akiinyanyua. "Taa. Jembe. Jembe." Kisha akaigeuza moja kwenye mwanga. "Hii ina vidole viwili. Imeharibika." Akafungua nyingine. "Imeharibika." Na nyingine. Waliokunja haraka kabla wino haujakauka, na waliobana mkunjo kwa bidii, wote kidole chao kilikuwa kimejipiga chapa upande wa pili, ndani ya kisanduku cha mgombea mwingine. Fungu la zilizoharibika likaanza kulipita fungu la nzuri.

"Hao ni wazee!" wakala wa Ngari akasema kwa sauti. "Wanaweka kidole kila mahali kama wanaojipaka mafuta!"

"Wazee gani?" wakala wa Rwamba akasimama. "Ni nyinyi mmetia vidole huko ndani!"

Mtu mmoja nyuma akaongeza, "Siku nyingine wazee wabaki nyumbani na mbuzi." Wengine wakacheka, na kicheko hicho hakikuwa kama kile cha asubuhi. Nilimwona cucu akifunga dole gumba lake ndani ya leso.

Karatasi iliyofuata ilikuwa yake. Nililitambua kovu hata nikiwa mbali, kwenye kisanduku cha kushoto na cha kulia. Kama ningeitazama sawasawa ningejua upi ni mkono wake na upi ni kivuli chake, kwa kuwa kovu la kivuli hulalia upande wa pili, na wino wake hufifia. Ningeweza kuiokoa kura ile moja. Lakini ningeiokoa kwa kutangaza kwa kijiji kizima nani aliyemchagua. Nikainamisha macho.

Mzee Mwirichia alikuwa kando yangu. Hakupandisha sauti.

"Uliikunja na wino?"

"Hapana, Mzee."

"Basi hapa anayejua ni wewe peke yako."

Ningeweza kunyamaza, mwanangu. Hakuna ambaye angenishuku. Wangelaumiana wao kwa wao, na wazee wangebeba aibu hiyo hadi kaburini. Lakini mficha uchi hazai. Nikasimama.

"Asiyejua kazi yake hapa si mzee," nikasema. "Ni mimi niliyeichora."

Nikaomba karatasi moja iliyobaki, msimamizi akaikata pembe ili isiweze kuwa kura. Nikaweka kidole changu kwenye jembe, nikaikunja, nikaifungua. Vidole viwili. Nikaizungusha kwa watu wote waione. Cucu aliitazama kwa muda mrefu zaidi ya wengine, kisha akautoa mkono wake kwenye leso.

"Fundi wa Meru!" yule wa nyuma akapaza sauti. "Huko mnajua kadi za harusi tu!" Nilistahili.

Wakala wa Ngari akashauri tuhesabu alama iliyokolea na kuiacha iliyofifia. Wengi walikubali. Hapo ndipo Mzee Mwirichia alipoongea mbele ya watu kwa mara ya kwanza.

"Tukianza leo kusoma vidole vya watu, kesho kila mtu atajua jirani yake alichagua nani. Kura iliyosomwa hivyo si kura tena."

Msimamizi aliwaita wagombea kando. Walirudi wamekubaliana: karatasi zote zitiwe kwenye gunia na kufungwa, na uchaguzi urudiwe baada ya wiki mbili, kwa kalamu. Asiyeweza kushika kalamu atasaidiwa na mtu anayemwamini mwenyewe.

Njiani Mzee hakunigombeza. Alisema tu, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kesho utachora nyingine." Nikachora. Safari hii majina yalikaa moja chini ya jingine kwa mpangilio wa herufi, yote katika nusu ya juu, na visanduku pembeni kulia. Nusu ya chini niliiacha tupu. Niliitia wino, nikaikunja kwa urefu, nikaikunja kwa upana, nikaikunja ovyo kama mtu mwenye haraka. Kila mara wino ulianguka mahali pasipo na kisanduku cha mtu.

Siku ya marudio cucu alitembea tena ile njia yote na mkongojo wake. Mbele ya foleni nzima akainyanyua karatasi.

"Leo nikunje wapi, fundi?"

"Popote utakapo, cucu."

Akaniangalia kidogo. "Hapo sasa ndipo umejua kazi," akasema, akaingia.

Bwana Ngari alishinda, na Mwalimu Rwamba akampa mkono. Cucu alimchagua nani, sikujua hata baada ya kututoka, na nashukuru kwamba sikujua.

Sasa, mwanangu, herufi. Tumia za aina moja na ukubwa mmoja kwa wote, na picha za alama ziwe na uzito sawa, jembe lisiwe jeusi tii na taa ikawa nyembamba kama uzi. Karatasi zinazoharibika kwenye mashine zihesabiwe na kuchomwa mbele ya mawakala, hata kama roho inakuuma kwa kuwa upande wa nyuma bado unaandikika. Hayo utayakuta pia kwenye kanuni watakazokupa, na uzisome mara mbili. Ila kuna moja ambayo hutaikuta imeandikwa. Usiipime kazi yako kwa jicho lako mezani, ipime kwa mkono wa mtu atakayeitumia, mkono wenye kovu, wenye haraka, usio na miwani. Na ukiulizwa kama umeipima, jibu lile swali uliloulizwa. Na ukikosea, simama mapema, kabla mnyonge hajalaumiwa kwa kosa lako.

Mungu wa mababu zetu akupe mikono isiyopendelea na moyo usioogopa kusimama. Kila karatasi itokayo mezani pako imfikie mwenyewe ikiwa salama, imtunzie siri yake, na imrudishe nyumbani akiwa na heshima aliyotoka nayo. Nenda ukafanye kazi, mwanangu. Na kabla hujawasha mashine, ikunje.