Chini ya Machimbo, Bwawani Hombolo

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa mpishi kwenye machimbo ya kokoto yaliyo kilimani, juu ya bwawa la Hombolo. Mimi nalima zabibu ng'ambo ya pili na namwagilia kwa maji ya bwawa hilo hilo. Kamati ya maji ilipotuchagua sote wawili tukakague ufukwe wa hifadhi, ule uliowekewa vigingi, ambako hairuhusiwi kulima wala kuvua, nilijua safari itakuwa nzito. Watu walilalamika kwamba machimbo yanamwaga tope huko. Mimi niliamini, yeye hakuamini.

Alikaa mbele ya boti, kanipa mgongo. Mvuvi aliyetuendesha alijaribu kututania, akaona hatucheki, akageukia injini yake.

Tulipopita kichaka cha matete, maji yalibadilika yakawa ya kijivu, kama yaliyooshewa saruji. Nilichovya mkono, ukatoka na utelezi.

"Wifi, unaona?"

"Naona."

"Hili si tope la mvua."

"Nimesema naona."

Mvuvi alisogea zaidi tuone linakotoka, na hapo injini ikanasa kwenye mizizi, ikazima. Alikuwa bado ameinama anaichokonoa, king'ora kikalia kilimani.

Wifi aligeuka. 

"Wanataka kulipua," alisema. "Na jana hawakusema kama leo kuna baruti."

"Wanajua kuna watu huku?"

"Nani apite huku? Si ni hifadhi."

Mvuvi alinirushia kasia moja, lingine akashika mwenyewe, lakini matete yalitubana na boti ikawa inazunguka tu. Wifi alisimama, akavua kitenge chake cha kiunoni, akakipunga, huku akiwaita watu wa kule juu kwa majina, mmoja mmoja, wale aliowapikia ugali kila siku. Sauti ilimkauka. King'ora kikalia tena.

"Laleni, mama zangu," mvuvi alisema.

Tulilala kwenye maji machafu yaliyotuama ndani ya boti. Mkono wa wifi ulinikandamiza shingo. Mlipuko niliusikia kifuani kabla ya masikioni. Kukawa kimya kidogo, kisha mawe yakaanza kudondoka majini, kwanza mbali, halafu karibu. Moja lilipasua ubao aliokuwa amekalia wifi. Nilimsikia akisali kwa Kigogo, haraka haraka, bila kupumzika.

Mvuvi alishuka akaisukuma boti nje ya matete, tukarudi kwa makasia, tukipokezana kuchota maji ya ndani hadi nchi kavu.

Jioni kamati ilikutana. Nilipotaka kusimama, wifi alinishika goti, akasimama yeye. Alieleza tope, akaeleza mawe. Mzee mmoja akamuuliza, "Na kesho utaenda kazini?"

"Nitaenda. Nina watoto, baba."

Alienda, akaambiwa getini asirudi tena. Baadaye maofisa wa maji wa serikali walifika kupima, na machimbo yakalazimika kuchimba shimo la kuzuia tope. Maji ya upande ule yameanza kuwa safi, si sana.

Wifi sasa anauza chai na chapati karibu na chuo cha hapa Hombolo. Siku ya kwanza nilipoenda kwake, nilikaa nikitafuta namna ya kumwomba radhi kwa kazi aliyopoteza. Akaniwekea kikombe, akasema, "Kunywa, wifi, itapoa," akarudi jikoni kugeuza chapati zake.