Mama Kola na Kufuli la Mchana
Kazi yake ilikuwa kola. Wenzake mmoja hushona mikono, mwingine hutia mifuko, yeye kola tu, za mashati ya sare za shule, mwaka wa kumi na tisa huu. Jina la Mama Kola lilimganda mpaka msimamizi akaliandika kwenye daftari la mahudhurio bila hata kumuuliza.

Karakana ilikuwa na vyerehani kumi na viwili na mlango mmoja. Cherehani chake kilikaa hatua mbili kutoka mlangoni, na mlango ule sharti uwe wazi, upepo uvume usivume. Mtu akiusukuma, Mama Kola huacha mshono katikati, anainuka, anaufungua, anarudi kukaa. Haombi radhi. Mshona mapindo, mwanamke asiyejua kunyamaza, alisema ni kiburi cha mtu aliyezoea kazi kuliko waliomkuta.

Mvua zikaanza. Maji yakaingia kwa mlango uleule, bunda zima la kitambaa cheupe likapata tope. Msimamizi, mwanamume mwenye makelele lakini roho yake si mbaya, akaja kusimama mbele yake.

"Mama Kola, nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Mlango utafungwa. Ukiweza kukaa ndani, kaa. Ukishindwa, nitatafuta mtu mwingine wa kola."

"Na joto je?"

"Joto gani, mama? Watu wanatetemeka humu!"

Angemwambia nini? Kwamba miaka mitano nyuma, katika karakana nyingine, tajiri aliogopa kuibiwa vitambaa akawafungia kwa nje kwa kufuli, na moto ukawaka wakiwa ndani? Yeye alitokea dirishani, kioo kikamchana mkono kuanzia kiwiko. Saba hawakutoka. Habari hiyo alikuwa ameimeza kama mfupa, ikakaa palepale kooni. Pasi ikiunguza kitambaa, anajikuta yuko barabarani na hajui amefikaje. Binti yake akiangusha kifuniko cha sufuria, anapigiwa kelele kama ameua. Usiku mlango wa nyumba haukomewi, mpaka dada yake mkubwa aliyekuwa akiishi nao akasema, "Wezi wanatuonea haya tu." Na alichoka. Uchovu wa kazi ukilala unaisha; wa kwake ulikuwa unaamka naye.

Dada mtu alikuwa mfagiaji wa zahanati. Jioni ya siku ile akamkalisha.

"Kuna binti pale kwetu, mshauri. Anasikiliza watu waliopatwa na mambo."

"Nipande kilima chote kile kwenda kusikilizwa? Si mnanisikia hapa kila siku?"

"Sisi tunakwambia unyamaze. Yule hakwambii."

Akaenda, shingo upande. Mshauri alikuwa wa rika la binti yake, na chumba chake kilikuwa na viti viwili na feni mbovu. Kabla ya jina, kabla ya chochote, aliuliza: "Mama, mlango tuuache vipi?"

Mama Kola akamtazama. Miaka mitano hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. "Wazi," akasema, na siku ile hakusema zaidi ya hapo, ila malalamiko ya miguu na presha. Mara ya pili alisinzia kitini nusu saa nzima. Alipozinduka mshauri alikuwa palepale, anaandika.

"Mbona hukuniamsha?"

"Ulikuwa unahitaji."

"Na unalipwa kwa hilo?"

"Kidogo sana, mama."

Wakacheka wote. Mara ya tatu mshauri akamwomba amwonyeshe kazi yake. Mama Kola akaona ni upuuzi, lakini mikono ikaanza yenyewe: kunja, pindua, bana, shona, kata uzi. Halafu akatupa kola ya hewani upande wa kulia bila kutazama.

"Hapo kulia unamrushia nani?"

Mikono ikabaki juu. Kule karakana mpya hakuna mtu kulia. Kuna ukuta, na kola zake huanguka chini kila siku, msimamizi akafikiri ni uzembe.

"Shoga yangu wa vifungo," akasema hatimaye. "Alikuwa anadaka hata haangalii. Kiti cha dirishani kilikuwa chake. Wiki ile nililalamika joto, nikalalamika, mpaka akachoka kunisikia. Akasema, haya, njoo ukae wewe hapa."

Alilia mpaka pua zikaziba. Mshauri hakumwambia apige moyo konde. Alingoja, kisha akauliza, "Kufuli alilitia nani?"

"Tajiri."

"Wewe ulikuwa na ufunguo?"

"Ningeutoa wapi?"

"Basi tuanzie hapo. Mwili wako, mama, ni kama mlinzi aliyewahi kuvamiwa. Sasa hata kuku akipita anapuliza filimbi. Hatumfukuzi. Tunamfundisha kumjua kuku."

Wakaanza kumfundisha. Mlango wa mshauri ukafungwa robo, halafu nusu, Mama Kola akihesabu pumzi na kutaja anavyoviona: feni, kiti, kandambili zake. Nyumbani alijifungia chumbani kidogo kidogo, dada yake nje akiimba ili ajue kuna mtu.

"Dada, nyamaza, nitakufa kwa sauti yako kabla ya mlango!"

Haikwenda kama ngazi. Siku moja alitoka mbio katikati ya mazungumzo, hakuaga, na mara iliyofuata hakwenda kabisa. Ndoto zilizidi kabla ya kupungua. Mshauri alikuwa amemwonya kwamba kidonda kikioshwa huuma upya, naye akamjibu kuwa maonyo hayapunguzi maumivu.

Mwezi ukaisha. Asubuhi ya mwisho mvua ilimwagika, na msimamizi akashika mlango.

"Mama Kola?"

Akainuka. "Funga. Lakini kufuli nipe mimi. Usiku tia unavyotaka, mimi sipo. Mchana tukiwa humu, litakaa kwenye droo yangu."

"Kufuli la karakana likae kwako? Kwani wewe ni nani?"

"Mimi nilifungiwa ndani na moto," akasema. "Walikufa saba. Mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti changu."

Mshona mapindo alifungua mdomo, akaufunga, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Msimamizi alipapasa mfukoni, akatoa kufuli na ufunguo wake, akaviweka juu ya meza ya cherehani taratibu. Kisha akaufunga mlango.

Saa ya kwanza alitoka mara mbili, akasimama mvuani, akarudi ameloa. Mara ya tatu alifika mlangoni, akaufungua upana wa kidole, akauona ua, akaufunga mwenyewe. Jasho lilimtiririka mgongoni. Mshona mapindo akamletea chai bila kuombwa na bila maneno.

Jioni msimamizi alihesabu kola zake: nusu ya kawaida, na nne zimekwenda upande.

"Hizi nne utafumua kesho," akasema. Halafu, kwa sauti ndogo: "Kesho utakuja?"

Mama Kola alikuwa akijisugua magoti, amechoka kama aliyebeba nyumba kichwani.

"Kesho nitakuja," akamwambia. "Kesho kutwa usiniulize."